Chai ya Matanga ya Mama

Mwalimu Omollo aliniita kando siku ya kwanza akaniambia sitachomelea vyuma nikiwa na shanga shingoni. Cheche haina adabu, alisema. Nafasi ile ya chuo hapa Kakuma nilitafutiwa na Sally, wa kikundi cha Lodwar kinachotusaidia sisi tuliopona saratani utotoni kupata masomo na kazi. Sikutaka kuipoteza. Kesho yake nikaja bila shanga.

Kwetu Waturkana, mwanamke huvua shanga akifiwa. Ekuru, niliyepangwa naye meza moja, akaweka nyundo chini.

"Ejok, Apua?" akanisalimu kwa Kiturkana. "Nani amekufa?"

Macho yake yalikuwa yanakaribia kovu langu, lile la chini ya sikio. Nikainua kola haraka.

"Mama," nikasema.

Jamani, mama! Hata shangazi sikumkumbuka. Niliona afadhali niitwe yatima kuliko "yule wa kansa".

Jioni darasa zima likaniletea sukari na majani ya chai. Yar, msichana wa kambi ya wakimbizi aliyempoteza mama yake kweli, alinishika mkono akalia. Niliona haya hadi masikio yakawaka moto, lakini sukari nikaipokea.

Jumamosi Sally akaja kunitazama. Kwenye gari alikuwa na mama yangu, na kibuyu cha maziwa. Kabla sijawafikia, Ekuru alikuwa amempa mama kiti na kikombe cha chai.

"Pole sana, mama. Wewe ni dada ya marehemu?"

"Marehemu gani?" Mama alikuwa ameshapiga mafunda mawili. "Mimi ndio mama ya Apua."

Wote wakanigeukia. Mama akaitazama shingo yangu tupu, akaelewa. Heri angenizaba kofi.

"Hakuna mtu amekufa," nikasema. "Nilidanganya. Hii kovu ni ya kansa. Nilikuwa mtoto, nikapona. Niliona aibu."

Yar akainuka, akatoka nje bila kuniangalia.

Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Siku ile walikukata hapo, mimi nilivua shanga zangu zote. Nilijua umeenda. Daktari ndiye aliniambia, mama, vaa, mtoto yuko hai." Sauti yake ikakatika. "Na wewe unanizika, juu ya kovu tu?"

Nilitaka kumpigia magoti, akanizuia kwa mkono.

"Anza na yule msichana," akasema.

Nikatoka kumfuata Yar. Kola sikuiinua.