Swali la Mwalimu wa Historia

Matokeo ya kidato cha tatu yalipobandikwa, kemia ilishika mkia tena. Mkuu wa shule akaita kikao cha walimu.

"Kemia ina nini?" akauliza.

Kila mmoja alikuwa na lake. Mwalimu wa hesabu alisema watoto hawajui uwiano, sasa hiyo milinganyo wataisawazisha vipi? Wa fizikia alilaumu maabara: chupa zimebaki lebo tupu, mtoto anasimuliwa rangi ya mvuke kwa mdomo. Wa lugha akasema maneno ya kitabuni yanawatisha.

Mwalimu wa kemia, mama wa makamo ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Moli, alikuwa akikwangua chaki iliyoganda chini ya kucha. Alikuwa amefundisha mpaka sauti imemkauka. Wenzake walikuwa wakimtetea, lakini masikioni mwake ilikuwa kama wanamsuta.

"Somo lenyewe halionekani," akasema mwishowe. "Namwambia mtoto chembe hii imempa mwenzake elektroni. Nani ameiona ikipewa?"

Mwalimu wa historia, mzee mwenye mvi na utani mwingi, akacheka. "Dada, mimi kemia ilinitoa mbio shuleni. Niruhusu nikae darasani kwako, nione inanikaba wapi."

Mama Moli alidhani ni mzaha. Kesho yake akamkuta kwenye dawati la nyuma, magoti yamebanwa, kalamu mkononi. Wanafunzi waliangua kicheko, mzee akawakonyeza. Somo likaenda vizuri hadi katikati, ndipo akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hiyo moli ni uzito au ni idadi?"

Mama Moli akawageukia wanafunzi. "Nani amsaidie babu?"

Binti mmoja wa mbele akasema chinichini, "Mwalimu, hata sisi hatujui. Tulikuwa tunaona aibu kuuliza."

Uso ulimwaka moto Mama Moli. Hao hao, kwenye mazoezi ya daftarini, walikuwa wakipanga namba kwenye fomula na kupata jibu sahihi, naye akiwawekea vema. Akafuta ubao wote, akaketi juu ya meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Ni idadi," akasema polepole. "Dazeni ya vijiko na dazeni ya masufuria, idadi ni ileile, ila uzito haufanani. Moli ni kama dazeni, lakini kubwa ajabu, kwa sababu chembe ni ndogo mno."

"Kumbe! Basi moli ya chuma na moli ya kaboni..." mzee akaanza.

"Idadi moja, uzito mbalimbali!" akadakia yule binti.

Mtihani uliofuata haukuleta muujiza. Wengi walipanda kidogo, wengine walibaki palepale. Mzee wa historia, aliyeng'ang'ania kuufanya, aliburura mkia na kujigamba kwamba walau amehudhuria.

Lakini wakati wa mapumziko mlango wa chumba cha walimu ukaanza kubishwa.

"Mwalimu, samahani, nina swali la kijinga."

"Ingia, mwanangu," alijibu Mama Moli, akiondoa rundo la vitabu kitini. "Kaa hapa, uniulize."