Pua ya Mama Mkwe

Makoti yalipofika nilitoka mbio hadi getini bila viatu. Mkokoteni ulikuwa haujasimama vizuri, na mimi tayari nimeshaingiza pua kwenye gunia la juu nataja kilichomo: vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, sigara, jasho la mtu mwenye wasiwasi, na huko chini kabisa kitu kama mbwa aliyenyeshewa. Msukuma mkokoteni aliniangalia kwa huruma. Laiti angejua nilivyofurahi.

Wanaouza mitumba ni wengi. Mimi na mama mkwe wangu hatuuzi, sisi tunatoa harufu. Robota likifunguliwa sokoni, wauzaji hutuletea zile nguo ambazo mteja huzishika, huzipenda, huzisogeza puani, kisha huzirudisha taratibu kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Nguo ni nzuri, ila mwenyewe wa zamani bado yumo ndani. Kazi yetu ni kumtoa.

Na haya hayakuwa makoti ya mtu hivihivi. Yalikuwa ya Mzee Kola, mwenye duka la nguo lenye vioo kule barabarani, aliyepewa jina hilo kwa sababu haiamini nguo mpaka ameingiza pua kwenye kola. Ahadi yake ilikuwa hii: makoti yakitoka safi, kazi yote ya duka lake ni yetu, na chumba cha nyuma pia, chenye bomba ndani na sakafu ya saruji iliyoinama vizuri kupeleka maji nje. Angekuja Jumamosi asubuhi kuyanusa mwenyewe. Sisi tulikuwa tunachota maji kwa ndoo kwenye bomba la mtaa, na mvua ikinyesha tunakimbia kuanua makoti ya watu na kuyarundika kitandani kwangu. Nilikitaka chumba kile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, ukiondoa mume wangu, na hata yeye sikumtaka kwa haraka hivyo.

Tulianza siku ileile. Koti la sufu huwezi kulitumbukiza kwenye beseni, litatoka linamtosha mwanasesere. Unalipigisha upepo kwanza, kivulini. Unageuza bitana nje, unapulizia siki iliyozimuliwa kwenye makwapa na kola, unaiacha ikauke na kuondoka na uvundo wake. Halafu unanyunyiza magadi, unalifunga kwenye gunia safi pamoja na vipande vya mkaa vilivyoviringwa kwenye karatasi, unakwenda kulala. Asubuhi unalipiga brashi, unalianika, unalinusa. Likikataa unarudia. Manukato ni mwiko. Mama mkwe husema kupulizia manukato juu ya uvundo ni kumpeleka mwizi kwa kinyozi: atapendeza, lakini ni yuleyule.

Mimi ananiita Soda. Wiki yangu ya kwanza ya ndoa aliniambia kuna shati la mteja linanuka kikwapa, nilitie soda. Nikaenda dukani, nikanunua soda ya chungwa, baridi kabisa, nikalimiminia chupa nzima. Yeye alimaanisha magadi soda. Shati lilikuwa jeupe, likawa la njano, na nzi wakamsindikiza nalo mwenyewe mpaka kwake. Miaka imekwenda, watoto wamezaliwa, na bado wageni wakija mama husema, "Soda, waletee wageni maji. Maji, umesikia?"

Lakini jina halikunikera. Kilichonikera ni kunusishwa. Kila nguo, kabla hajaitolea hukumu, lazima kwanza anibandike nayo puani. "Nusa." Nanusa, yeye amenikodolea macho. Kisha ndipo aivute kwake, afumbe macho, avute pumzi ndefu, na kutamka neno moja kati ya mawili: "Bado," au "Imetoka." Hajawahi kukosea. Sokoni wanasema pua ile ingekuwa ya mbwa, polisi wangeigombania. Mimi nilijiona mtoto wa shule, kila siku mtihani na matokeo hayabandikwi. Nilikuwa namheshimu, sikatai, lakini nilikuwa nimemchoka pia.

Basi Alhamisi nikaamka na mafua. Kichwa kizito, matundu yote mawili yameziba, ungeniwekea samaki aliyeoza mdomoni ningeuliza kama ni peremende. Nikajikaza kisabuni. Ningemwambia nini? Kwamba katika wiki ya makoti ya Mzee Kola, Soda ameishiwa pua? Angenipeleka kusugua ndoo. Nikapengea chooni, nikarudi na uso mkavu. Aliponibandikia koti la kwanza nikavuta hewa tupu, nikatulia kama mtu aliyeridhika. Mama akalivuta kwake, akafumba macho. "Imetoka." La pili, imetoka. La tatu, imetoka. Hata lile la kijani, lile la mbwa, lililokuwa limetukatalia mara kadhaa, siku hiyo likakubali. Sikujiuliza. Mtu anapopata anachokitaka huwa hajiulizi. Kichwani nilikuwa nimeshahamia kwenye chumba cha Mzee Kola, napanga beseni kubwa likae wapi na kamba zipite wapi.

Ijumaa jioni mume wangu akarudi kutoka kazini. Ni fundi baiskeli, hana maneno mengi. Alisimama mlangoni na kuuliza ni nani ameingiza mbwa ndani. Nikamjibu hakuna mbwa. Akaniambia nisimfanye mtoto, akafuata pua yake hadi kwenye msumari tulikotundika lile koti la kijani, akalishika mkono na kutusalimia nalo.

"Huyu hapa," akasema.

Mama mkwe akanitazama. Nami nikamtazama. Akaniuliza kwani mimi sikunusa, nikamwuliza kwani yeye hakunusa. Akasema yeye alininusisha mimi kwanza. Nikasema ndiyo, lakini aliyesema imetoka si mimi. Tulirushiana hilo koti la maneno mpaka nikaona maji yamezidi unga, nikamwambia kweli: nina mafua tangu jana, sisikii harufu yoyote, nilificha. Nikainama kungoja karipio langu. Halikuja. Mama aliketi juu ya gunia, taratibu.

"Na mimi sisikii," akasema.

Nikadhani ni masikio. Nikapaza sauti kumwuliza yameanza kumsumbua lini.

"Usinipigie kelele, masikio ni mazima. Pua ndiyo haisikii. Tangu ile homa."

Ile homa ni ya zamani. Ilimlaza nikiwa bado bibi harusi, rangi ya soda haijakauka kwenye shati la watu. Maana yake nguo zote zile, sifa zote zile, soko zima linaapa kwa pua yake, na pua yenyewe ilikuwa pambo tu.

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unanusa nini?"

"Uso wako," akasema. "Kukiwa na kitu, hata kidogo, hiyo pembe ya mdomo wako ya kushoto inapanda. Hata siku ukiwa umeninunia, inapanda. Hujawahi kunidanganya mpaka jana."

Nilikasirika kwanza, nisiseme uongo. Ningeweza kuambiwa. Ningeweza kujua kwamba yule mtoto wa shule ndiye aliyekuwa akisahihisha. Halafu hasira ikanigeukia, ikawa furaha iliyonipanda mpaka masikioni, nikaanza kucheka, na mama akaanza kucheka, na mume wangu akabaki ameshika mkono wa koti hajui amefanya kosa gani. Mimi! Soko lote lilikuwa likisifu pua yangu na hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe.

Lakini kucheka hakutoi mbwa kwenye sufu. Asubuhi Mzee Kola angekuwa mlangoni, na nyumba nzima ilikuwa na pua moja tu inayofanya kazi, ya fundi baiskeli. Tukafungua makoti yote upya. Siki, brashi, magadi, mkaa, mama amefunga kanga kiunoni anakimbia kama mwari. Tukamnusisha mume wangu moja baada ya jingine, na ndipo tukagundua pua yake inajua harufu mbili tu duniani, ya chakula na isiyo ya chakula. Makoti yote, alisema, si chakula. Mama alimwuliza kwa upole kama kweli alimzaa yeye. Tulipompa la sita akasema anasikia siki, na tulipochunguza ilikuwa ni mikono yake.

Mzee Kola alifika mapema kuliko alivyosema. Koti la kijani lilikuwa bado kwenye kamba. Hakuyagusa makoti. Alivua lile alilolivaa mwenyewe, akamkabidhi mama, akamwomba amwambie kama limetoka, kwa maana ameisikia sana habari ya pua hiyo na angependa kuiona kazini kabla hajatoa chumba.

Mama akalipokea. Mkono wake ukaja upande wangu kwa mazoea, ukafika karibu na uso wangu, ukasimama. Nikavuta hewa kwa nguvu zangu zote. Hewa tupu. Maneno yalikuwa mawili tu, bado au imetoka, na akibahatisha lililo sahihi chumba ni chetu. Nilijua anaweza kubahatisha. Amekula chumvi nyingi, angemtazama tu Mzee Kola machoni akachagua. Nikatamani abahatishe. Nilikitaka chumba kile, jamani.

Mama alilikunja koti vizuri, akamrudishia.

"Pua uliyoisikia ni ya huyu mkwe wangu," akasema. "Yangu ilikufa zamani. Na yake leo ina mafua. Haya makoti yako, baba, hatujui kama yametoka."

Mzee Kola alikwenda kwenye kamba, akazamisha pua kwenye kola ya koti la kijani, akakaa humo muda mrefu kama mtu anayesali. Alipotoka alisema mbwa bado yupo, ila sasa yuko mbali. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote, na aliyemgeukia hakuwa mama.

"Ikizibuka, niite," akaniambia. Akaondoka, na ufunguo wa chumba umo mfukoni mwake.

Nilijifukiza maji ya moto mpaka uso ukawa mwekundu. Nilipenga, nililala kichwa kimeinuliwa, niliilaani pua yangu kwa majina yote. Jumatatu nilikuwa napiga brashi kola ya koti la kahawia, sifikirii kitu, mara siki ikanipiga. Siki! Nyuma yake sabuni, nyuma ya sabuni moshi wa jirani, mkaa, saruji iliyolowa, dunia nzima ikaingia kwa pamoja kama watu waliofungiwa nje. Nilipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Nilirukia makoti, nikayanusa kola kwa kola, kwapa kwa kwapa, na safari hii maneno yalitoka kinywani mwangu mwenyewe: imetoka, imetoka, hili bado, hili imetoka. Mama alikuwa akiyapokea na kuyapanga bila kuyasogeza puani. La kijani nikalipeleka tena kwenye gunia, na lilipotoka mara hiyo, mbwa alikuwa ameondoka kabisa.

Tulimwita Mzee Kola. Alinusa koti la kwanza, akanusa la pili, akaenda moja kwa moja kwenye lile la kijani na kukaa kolani mwake mpaka nikaanza kutokwa na jasho. Kisha akatoa ufunguo, akauweka mkononi mwangu. Nilitaka kuruka, na nikaruka.

Chumba kilikuwa kizuri kuliko nilivyokumbuka. Nilifungua bomba nikalifunga, nikalifungua tena. Nilimwonyesha mume wangu mahali pa kupigilia misumari, nikazunguka, nikapima ukuta kwa mikono. Mama alikuwa amekaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, kama anavyokaa siku zote tukiwa na watu. Nikamwita aingie aone. Akaniashiria mimi ndiye niende.

"Kuna jambo sikuwahi kuwa na wa kumwuliza," akasema kwa sauti ndogo. "Asiyesikia harufu hajui ya kwake. Na mimi je, mwanangu? Nanuka?"

Nikaelewa kwa nini huoga asubuhi, mchana na jioni. Nikaelewa na kule kukaa mlangoni. Ilinichoma. Nikapiga magoti, nikaweka pua shingoni kwake na kuvuta pumzi ndefu, bila haraka, kama ninavyonusa koti. Sabuni ya mche. Siki kidogo, ambayo sisi sote tunayo. Mafuta ya nywele. Na chini kabisa yeye mwenyewe, harufu ninayoijua tangu nilipoingia nyumbani kwake.

"Unanukia, mama," nikamwambia.

Hakuridhika na maneno. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu upande wa mwanga, akautazama mdomo wangu kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akaketi katikati yetu.