Lumir Asiye na Jiwe

Kila Jumatatu, akishamaliza kufua, Vlasta Kudrna alifunga kolache mbili, mikate midogo mitamu yenye jemu ya plamu, kwenye kitambaa, akajaza kahawa kwenye chupa, akaendesha gari hadi makaburini kumpelekea mdogo wake Lumir. Lumir alikufa Februari. Tangu theluji ilipoyeyuka alikuwa amesimama kichwani mwa kaburi lake, amevaa suti aliyozikwa nayo, kwa sababu kaburi halikuwa na jiwe na mtu angeweza kulikanyaga bila kujua. Mkata nyasi alimzunguka na mashine yake na kumwomba radhi kila majani yalipomrukia viatuni. Watu wa mji wao, Prosek, walisema tu kwamba Lumir tangu zamani hakupenda kusumbua mtu.

Lumir alikuwa amepigana vita vya Korea, na serikali huwapa askari wake wa zamani mawe ya marumaru bure. Kwa hiyo mwezi Aprili Vlasta alikwenda kwa Orval Tesar, karani anayeshughulikia mambo yao pale wilayani. Orval alisoma karatasi za Lumir, akavua miwani.

"Mama Vlasta, hapa wameandika alifukuzwa. Kwa karatasi hii jiwe hawatoi."

"Alipigwa risasi ya bega huko."

"Najua. Wanaangalia alivyotoka jeshini, siyo alivyopigana."

Orval alimweleza kwamba familia inaweza kuomba rekodi isahihishwe, mradi iandike yaliyotokea. Faili lilisema machache: mwaka 1952 mkuu wa Lumir aliletewa barua ya mapenzi, ambayo Lumir aliandikiwa na askari mwenzake aitwaye Wendell. Fomu ilitaka kujua barua hiyo ilimfikiaje mkuu.

Vlasta alijua. Aliikuta mfukoni mwa suruali ya Lumir, akimfulia wakati wa likizo. Vlasta alikuwa na miaka ishirini na sita wakati huo, na harusi yake ilikuwa imeshatangazwa kanisani; aliogopa aibu. Aliitia kwenye bahasha, akabandika stempu mwenyewe na kumtumia mkuu wa Lumir, akitumaini Wendell atahamishiwa mbali. Wakamfukuza Lumir.

Fomu ilikaa mezani kwake siku tatu. Mwishowe aliandika: haijulikani. Akatia sahihi.

"Walikuuliza nini?" Lumir alimwuliza Jumatatu hiyo.

"Tarehe yako ya kuzaliwa. Namba yako ya jeshi."

"Hawakuuliza habari za Wendell?"

"Hapana."

Lumir alikunywa kahawa. Akasimulia kwamba Wendell alimwandikia kila Krismasi kwa miaka kumi na moja, na yeye kila barua aliitia motoni bila kuifungua.

"Mtu anakuchongea kwa mkuu wako, halafu anakutakia heri ya Krismasi," alisema. "Macho makavu kabisa yule."

Vlasta alifungua mdomo. Akasema kahawa imepoa, amwage aongeze nyingine.

Jibu lilikuja mwisho wa Agosti. Ombi limekataliwa, hakuna ushahidi mpya. Orval alisema wanaweza kujaribu tena.

"Kama kuna mtu anajua, na bado yu hai, aandike tu. Ukurasa mmoja unatosha."

Vlasta alimwambia ataulizia.

Alimpelekea Lumir ile barua ya serikali mwenyewe. Lumir aliisoma yote, hata maandishi madogo ya chini, akaikunja vizuri na kumrudishia. Alimwambia asijisumbue zaidi, kusimama ameshazoea, na kutoka pale anaona barabara yote mpaka kwenye maghala ya mahindi. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza. Vlasta alitoa kwenye mkoba skafu aliyomfumia, akamzungushia.

"Baba alinitupa, Wendell akaniuza," Lumir alisema. "Ni wewe tu, dada."

"Inua kidevu," Vlasta akamwambia, na akafunga fundo, akilitazama fundo tu.