Marehemu Amekuja Kuomba Chumba

Jamani, mnaojisifu kuwa mmeshasikia yote, kaeni kitako kwanza. Mtu aliyezama ziwani kabla wengi wetu hatujazaliwa aliingia mapokezi mchana kweupe, kofia mkononi, akaomba chumba. Na chumba akapewa!

Aliyempa ni binti wa mapokezi, mjukuu wa mwenye vibanda vile vya wageni. Wanamwita Kasuku, maana kila mchana huwatembeza wageni akirudia historia ileile ya familia. Babu yake, pamoja na kaka mkubwa wa huyo Babu, walianza kujenga kibanda cha kwanza kando ya ziwa. Kaka akazama. Mwaka huohuo baba yao naye akafa kwa homa. Babu akabaki peke yake, akaendelea kujenga kibanda baada ya kibanda mpaka ufuo ukajaa.

Sasa, milango yote ya vibanda vile inafunguka kwa nje, inaelekea ziwani, kwa hiyo upepo ukija inabamizwa mpaka wageni wanaruka vitandani. Kosa la wazi. Lakini fundi akigusia tu kuigeuza, Babu anamjia juu: marehemu alipima hivyo, na hivyohivyo itabaki. Kibanda cha kwanza chenyewe hakilali mtu. Wageni huonyeshwa tu.

Siku hiyo Kasuku alipofika hapo na kundi lake, mlango ukagoma kama kawaida yake. Yule mzee wa kofia akapenya kutoka nyuma. Akauinua kwa bega la kushoto, akaugonga chini kwa kisigino, mlango ukafunguka. Wageni wakapiga makofi. Kasuku akamkodolea macho, maana ujanja ule aliwahi kumwona nao mtu mmoja tu, Babu.

Wengine walipotawanyika, mzee akabaki anapapasa bawaba.

"Nilipima vibaya," akasema. "Nilikuwa na haraka ya kuondoka."

Kasuku akakaa chini bila kupenda. Mzee akamweleza taratibu. Alitaka kuwa dereva wa malori, baba yao hataki hata kusikia. Akamsihi mdogo wake apindue mtumbwi, atupe shati majini, apige yowe kuwa kaka amezama. Mdogo akakubali, akala kiapo hatasema. Sasa uzee umemrudisha, anataka kumshukuru na kuliona kaburi la baba.

"Kamuulize mdogo wangu kama ananitaka. Asiponitaka, naondoka kimyakimya."

Kasuku alitoka mbio hadi chumba cha kufulia. Babu alikuwa anakunja mashuka. Aliposikia, akakalia rundo lote la mashuka masafi, na Kasuku akadhani ni furaha.

"Anajua baba alikufaje?" Babu akauliza.

"Si homa, Babu?"

Babu akatikisa kichwa. Baba yao, akasema, alikuwa akiingia majini kila kukicha kuutafuta mwili wa mwanawe. Yeye Babu amesimama ufukweni, ukweli umemjaa kooni, kiapo kimemfunga mdomo. Siku moja baba akapiga mbizi, hakuibuka. Watu wakaopoa maiti ya baba badala ya ya mtoto. Hiyo homa aliitunga yeye, ili apate cha kuwaambia wageni, na waliokuwepo siku ile wote wameshakwisha.

"Alikufa akimtafuta mtu aliye hai, nami namwangalia," Babu akasema. "Mlete kaka yangu. Ila hilo usimwambie. Litamuua."

Haya, Kasuku akarudi kumchukua mzee. Njia inapita kwenye kaburi la baba yao, pembeni ya uzio. Mzee akasimama, akavua kofia. Kule mbele Babu naye ametoka mlangoni, shuka bado mkononi. Akawaona mahali walipo, akaganda.

"Wewe ndiye mwenye historia hapa," mzee akasema. "Wageni waambie utakacho, lakini mimi ni babu yako mkubwa. Nakuuliza mbele ya kaburi. Baba alikufaje?"

Kasuku akamtazama Babu. Babu akainamisha macho.

"Homa, babu mkubwa."

Mzee akashusha pumzi ndefu. "Afadhali. Miaka yote hii nilikuwa nikiogopa kwamba ni mimi."

Akaenda kumkumbatia mdogo wake, na wale wazee wawili wakalia hadi mpishi akatoka jikoni kuchungulia kuna nini. Walipoachiana, mzee akamgeukia Kasuku, machozi bado mashavuni, anacheka. Akasema amechoka kukaa nyuma kama mgeni. Kesho kwenye matembezi atakaa mbele kabisa, na anataka kumsikia mjukuu wake akiisimulia upya historia yote, sasa kwa ukweli wake, hasa hapo pa baba.

Babu akajidai anatafuta ncha ya shuka.

Kesho yake wageni wameshajipanga, mzee yuko mbele kabisa, ametega sikio. Niambie basi, ungekuwa wewe ndiye Kasuku, ungesema nini?