Kiganja cha Bun-i

Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na hilo ndilo lililotufikisha kwenye makumbusho ya mji wa Andong. Akifa yeye, nani atawasujudia mababu, kazi ya mwana wa kiume? Basi akiwa na miaka tisini na moja akaamua kuikabidhi makumbusho bahasha ya hariri iliyorithiwa tangu enzi na enzi. Barua ya mfalme, tuliambiwa, na ni mwiko kuifungua. Kila sikukuu ya mavuno tuliisujudia kabla ya kugusa chakula.

"Tusizungushane, kijana," baba alimwambia Pyo, msomaji wa maandishi ya kale. "Kwenye kibao cha maonyesho andika: Ukoo wa Tak, waungwana."

Pyo akaifungua. Katikati ya karatasi palichorwa kiganja cha kulia kwa wino, kidole kwa kidole. Alisoma, kisha akanitazama mimi badala ya baba.

"Umemeza ulimi?" baba akafoka.

"Mzee wangu, hii ni hati ya kujiuza. Mwanamke aitwaye Bun-i, mwaka wa njaa, anajitia utumwani pamoja na mwanawe Tol-soe na wote watakaozaliwa. Hakujua kuandika. Hicho kiganja ndicho sahihi yake."

"Tol-soe," baba akasema polepole, "ni babu wa babu yangu."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili Cheon-seok, mjukuu wa watumwa, alipokuja kuniposa, amevaa koti la kuazima. Baba alimwacha nje ya lango, kwenye theluji. "Damu ya watumwa haivuki kizingiti changu!" alipaza sauti, majirani wasikie. Nami nikanyamaza. Kunyamaza huko ni kosa langu, simsingizii mtu. Sikuolewa kamwe, na mpaka leo naumia.

"Kibao niandikeje, mzee?" Pyo aliuliza kwa upole.

"Ukoo wa Tak. Hilo la waungwana lifute."

Kisha akashuka kitini, magoti yakilia, akakisujudia kile kiganja mara mbili kama siku ya sikukuu. Hakuinuka; alinisemesha palepale sakafuni.

"Sun-rye, mwanangu. Yule kijana wa koti la kuazima anaishi wapi siku hizi? Nipeleke nikamwombe radhi."

"Alizikwa mwaka juzi, baba."

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilisimama nje ya lango."