Siku Tano za Gabrieli

Juu huko Uluguru, kwenye baridi ya kabichi na karoti, kulikuwa na kijiji ambako mtu akisema uongo hawakumwita mwongo. Walimwambia tu, "Hizo ni siku tano." Na msemo huo ulitoka nyumbani kwa Yuliana, maana aliyeuanzisha ni mumewe.

Gabrieli ujanani alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko chini, karibu na Morogoro Mjini. Kazi yake ilikuwa mkeka. Mabwana na makarani wa pale walicheza kriketi, na kwa kuwa ardhi ilikuwa vumbi tupu, walitandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi katikati ya uwanja. Gabrieli ndiye aliyeuvuta ukanyooka, akaupigilia misumari, akaunyunyizia maji. Alipooa akahamia ukweni, kama Waluguru wengi wafanyavyo, akalima ardhi ya ukoo wa mkewe. Jioni moja kwenye pombe akajisahau. Akawaambia mashemeji kuwa ipo kriketi ya mataifa, karani wake alikuwa akiisikiliza redioni, inachezwa siku tano. Wachezaji huusimamisha mchezo wakaenda kunywa chai, na siku ya tano jioni inaweza kwisha bila mshindi, na watu wakapiga makofi.

Jamani, kicheko kile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ya Gabrieli ilikwenda miaka thelathini, ikafika mpaka kwa wajukuu. Yuliana akawa Mama Siku Tano. Aliwapasha wote waliomwita hivyo, wengine mlangoni mwa kanisa. Ila tuseme kweli tusimwogope: hata yeye hakuamini. Watu wazima, siku tano, shamba linalimwa na nani?

Yote hayo yangevumilika kama si mfereji. Mwaka mmoja mvua ilibomoa mlima, udongo ukafukia mfereji wa zamani uliokuwa mpaka wa bustani yao ya chini. Ernest, jirani yao, akasema mpaka ulipita kwingine, na bustani ni yake. Aliyechimba mfereji ule ni marehemu baba yake Yuliana, pamoja na mkwewe Gabrieli. Shahidi aliyebaki hai ni mmoja. Lakini Yakobo, kaka mkubwa wa Yuliana na msemaji wa ukoo, alikataa katakata.

"Dada, nimsimamishe Siku Tano mbele ya baraza? Tutachekwa, na bustani itakwenda."

Baraza la kijiji lingekaa Jumanne. Yuliana alilia kwa hasira.

Sasa hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mwenye akili anauza kitu. Kijana Castory alikuwa ameuza kabichi Dar es Salaam akarudi na jenereta, televisheni na dishi kubwa kama ungo wa kupepetea mahindi ya kijiji kizima. Akaviweka kwenye kilabu chake cha pombe. Alhamisi jioni, akitafuta mpira wa miguu, akaangukia watu waliovaa nyeupe tupu, wamesimama uwanjani kama wanaomsubiri padri.

Gabrieli, kikombe mkononi, akasema taratibu, "Ndiyo wenyewe. Watacheza mpaka Jumatatu."

Kilabu kikaangua kicheko. Ijumaa wakaja kuhakikisha: watu ni wale wale. Jumamosi wale wale. Jumapili, hata waliotoka misa ya kwanza na kulala mchana walirudi jioni, na kicheko kilikuwa kimepungua sana. Jumatatu Yuliana alijifunga blanketi, akaenda kukaa na mumewe benchi la mbele.

Waliocheza ni watu wa visiwa vya mbali ng'ambo, ambako bado ilikuwa mchana, weusi kama sisi, na wageni wao Wazungu. Gabrieli akaeleza bila papara: wa visiwani wanarusha mpira, Wazungu wanalinda vijiti vitatu kwa ubao. Kila mmoja wao akitolewa kabla ya jua la kule kuzama, visiwa vimeshinda. Akibaki hata mmoja na mwenzake mpaka muda uishe, hakuna mshindi.

Saa nne kasoro usiku wachezaji wakaondoka uwanjani.

"Wanakwenda kunywa chai," Gabrieli akasema.

"Chai ya nani?" Yakobo akadakia. "Mwamuzi kapewa?"

Watu wakacheka, maana siku zile chai ilikuwa rushwa. Lakini baada ya dakika ishirini wachezaji walirudi wakifuta midomo. Kisha Gabrieli akaonyesha kidole kwenye kioo. "Oneni ardhi ilivyopasuka mbele ya miguu ya yule mwenye ubao. Mpira ukidondoka pale hautaruka, utatambaa." Ukadondoka pale, ukatambaa, vijiti vikaanguka, Mzungu akatolewa. Watu wakamgeukia Gabrieli. Yuliana akaona mikono ya mumewe ikivuta kitu kisichokuwepo, kama anaunyoosha mkeka.

Ilipofika saa sita kasoro, Wazungu walibaki wawili wa mwisho. Kilabu chote kilikuwa kimesimama upande wa visiwani. Yuliana peke yake, rozari chini ya blanketi, aliomba asishinde mtu. Visiwa vikishinda watasema, si tulisema, mchezo lazima uwe na mshindi.

Jenereta ikakohoa, ikazima. Giza.

"Petroli imekwisha," Castory akasema.

Yakobo akatoka nje. Wakamsikia akinyonya petroli kwa bomba kwenye tangi la pikipiki yake mwenyewe, akitema na kulaani. "Sikukaa hapa siku tano nije kukosa mwisho," alisema akirudi na galoni. Yuliana alisikia neno hilo vizuri sana.

Picha iliporudi ilikuwa imebaki mipira sita ya kurushwa, muda uishe. Mzungu wa mwisho, kijana mwembamba, akajipanga mbele ya vijiti. Akazuia wa kwanza. Wa tatu ulimpiga kifuani. Wa tano ulipita karibu na vijiti kiasi kwamba Castory alifumba macho. Wa sita akauzuia ukafia miguuni pake.

Wachezaji wakapeana mikono. Kule uwanjani watu wote wakasimama, wakapiga makofi.

"Kashinda nani?" Yakobo akauliza.

"Hakuna," Gabrieli akajibu.

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata, na hawakuwa wakiitazama televisheni.

Njiani Yuliana akamshika mkono mumewe. "Baba Irene, hata mimi sikukuamini."

"Nilijua," akasema. "Lakini ulinipigania."

Kesho yake baraza likakaa pale pale bustanini. Gabrieli alisimama, akaonyesha kwa fimbo mfereji ulipopita, jiwe kwa jiwe. Ernest, ambaye Castory alimnyima kilabu kwa ugomvi wao wa zamani, hakuwa ameona chochote. Akacheka. "Waheshimiwa, hizo si siku tano?"

Yakobo akainuka, akawatazama wazee wa baraza, macho mekundu kwa kukesha, akaona na yao ni mekundu.

"Ndizo," alisema. "Tumezihesabu. Chimbeni hapo alipoonyesha shemeji yangu."

Wakachimba, na maji yalipoanza kutiririka, Mama Siku Tano akainua kichwa na kuwasubiri wamwite jina lake hilo.