Gemu ya Ngosha, Kompyuta ya Machibya

Mimi ni balozi wa nyumba kumi hapa Buzuruga. Nimeamua kesi za mbuzi, za mipaka, za wake waliorudi kwao na masufuria, lakini iliyoniumiza kichwa ni ya Machibya na Ngosha.

Machibya ana kibanda cha kuchezesha gemu karibu na stendi. Ngosha, mchumba wa dada yake, Odeta, alimuuzia kompyuta yenye gemu ya mpira ndani, kisha akahamia kisiwani, Nansio, kufundisha. Vijana wakajaa kibandani. Jumamosi moja gemu ikajifunga katikati ya mechi, kioo kikaandika kwamba mwenye akaunti anacheza kwingine. Mwenye akaunti ni Ngosha, ametulia Nansio na kompyuta mpya.

Nikamwita, akaja na kivuko cha asubuhi. Machibya alikuwa ameshafika kwangu na dada yake.

"Shikamoo mama balozi," Machibya akaanza.

"Marahaba. Sema."

"Huyu mwizi. Na mwizi hamuoi dada yangu. Baba hayupo, mkubwa ni mimi, harusi hakuna."

"Mama, mimi sijaiba," Ngosha akasema. "Ile gemu nilinunua duka la mtandaoni, kwa jina langu. Nilijua nikiuza kompyuta nimeuza na vilivyomo."

"Basi ihamishe iwe kwa jina la mwenzako," nikamwambia.

"Duka linakataa."

Nikamwamuru aliandikie duka kwa simu mbele yangu. Jibu likaja kwa Kiingereza, Odeta akatutafsiria: Ngosha hamiliki gemu. Amepewa ruhusa tu ya kuicheza, na ruhusa hiyo haiuzwi, haigawiwi, hairithiwi. Wakitaka, wanaifunga.

Nikauliza kama alilipa. Alilipa. Yote? Yote. Nikamwomba Odeta asome tena, nikidhani karuka mstari.

Kwetu Usukumani mtu anaweza kukuachia ng'ombe umtunzie: maziwa unakunywa, ng'ombe si wako. Hilo naelewa. Lakini mtunzaji hamlipii ng'ombe. Huyu kalipa bei ya ng'ombe, kapewa maziwa, halafu kaenda kumuuza ng'ombe akidhani ni wake. Sasa mwizi ni nani? Nilichanganyikiwa mpaka nikakasirika, na duka lile ambalo hata mlango wake siujui ndilo lililonikera zaidi.

"Hukumu, mama," Machibya akasema. "Bila gemu yangu, Odeta simtoi."

Odeta akaiweka simu mezani. "Kaka, mahari ya Ngosha ilifika?"

"Ilifika."

"Ng'ombe wote?"

"Wote. Si hao wako Sengerema kwa baba mdogo?"

"Umepokea wote, na bado unasema ukitaka unafunga. Mimi sikununuliwa, kaka. Lakini wewe na hilo duka mna tofauti gani?"

Machibya akaivuta ile simu, akalitazama jibu la duka. Kwa kweli nilimwonea huruma, maana anampenda dada yake.

Kesi ya gemu niliiahirisha, na mpaka leo sijui gemu ni ya nani. Ya harusi niliiamua hapo hapo: iko palepale, na atakayemshika Odeta mkono kumwingiza kanisani ni Machibya.